Kibanja Si Makazi Holela

Bikoni ile ipo hatua saba kutoka kaburi la baba mkubwa. Ni kipande cha zege chenye nondo katikati, kimezamishwa kati ya shina la mgomba wa nyoya na mbuni mkongwe ambao hakuna aliye hai pale nyumbani aliyeuona ukipandwa. Vijana wa upimaji, kutoka kampuni ambayo majirani walikuwa wameichangia fedha, waliisimika asubuhi moja, wakaipaka rangi nyekundu, wakaanza kuelekea kwa jirani. Mama mkubwa akawafuata na mkongojo wake hadi kwenye mulamula wa mpaka. Akauliza barabara itapita wapi. Wakamwonyesha kwa mkono: hapa, kati ya jiko na kaburi.

"Na huyu aliyelala hapa, wanangu, mmemwandika kwenye karatasi yenu?"

Kijana mmoja akafungua mchoro, akautazama, akajibu kwa adabu kabisa: "Bibi, hapa pameandikwa makazi tu."

Makazi tu. Tangu siku ile nimekuwa nikibishana na watu juu ya maneno hayo mawili: msibani, sokoni, hata na ndugu zangu wa damu wanaopanda kuja Kamachumu, mkoani Kagera, kila Desemba wakitokea Dar es Salaam na Mwanza. Wengi wao wana msimamo mmoja, na wanausema kwa nia njema, kwa hiyo nitaueleza kwa haki kabla sijaupinga. Wanasema Kamachumu si kijiji tena. Soko limejaa, nyumba za kupanga zimeota kila upande, na barabara ya kutoka Muhutwe inaleta wageni. Tusipopima mapema tutaishia kama Manzese ya Dar es Salaam, mtu akifa jeneza lipitishwe juu ya mabati ya jirani. Migomba ibaki mashambani, mji ukae mjini. Kibanja, yaani nyumba ndani ya migomba yake, kikiwa katikati ya mji ni makazi holela. Anayetaka kuyalinda makazi akate viwanja, anyooshe mitaa, agawe hati.

Hofu yao ni ya kweli. Dawa yao ndiyo ninayoikataa, kwa sababu inaua kile kile inachodai kukilinda.

Neno holela maana yake ni bila mpango. Sasa njoo tuingie katika kibanja tuone kama hakuna mpango. Unaingia kwa njia moja iliyofagiliwa, na njia hiyo inakufikisha uani, mbele ya nyumba, mahali pa kupokelea mgeni na kumpa akamwani atafune. Nyuma ya nyumba kuna jiko, na nyuma ya jiko kuna migomba inayokula majivu, maganda na samadi, kwa hiyo mikungu minene kuliko yote hupatikana hapo. Kahawa inakaa chini ya kivuli cha migomba, maharage yanakaa chini ya kahawa. Makaburi yana upande wake na yanajulikana kwa majina. Mipaka imesimamiwa na mulamula, mmea ambao ukikatwa kijiti na kuchomekwa unashika, na ambao kwetu mtu mwenye akili zake hathubutu kuung'oa usiku. Kati ya kibanja na kibanja kuna njia ya wote, inayoshuka hadi kwenye chemchemi. Kisha, migomba inapokoma, rweya inaanza: uwanda wa nyasi uliokuwa wa kijiji kizima, wa kuchungia, wa kukatia nyasi za kuezekea na za kutandaza shambani, na wa kulimia karanga na njugu mawe kwa zamu.

Huo ni mpango wa matumizi ya ardhi. Umetenga makazi, chakula, biashara, maziko, njia, maji na akiba. Kasoro yake pekee mbele ya ofisi ni kwamba haukuchorwa.

Tena kuna jambo ambalo wapimaji wengi hawalijui, na laiti wangelijua wangeweka bikoni zao kwa mikono inayotetemeka. Udongo ule mweusi wa kibanja haukutoka kwa Mungu hivyo ulivyo. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika juu ya Bukoba na kueleza jinsi rutuba kubwa na ufukara mkubwa wa udongo vinavyokaa bega kwa bega juu ya ardhi ya asili moja. Kilichotenganisha kibanja na rweya ni kazi ya watu. Wanawake walibeba nyasi kichwani kutoka rweya, ng'ombe wakalala juu ya nyasi, samadi ikaenda kwenye mashina ya migomba. Kizazi kikafuatwa na kizazi, mvua kubwa za ziwani zikiosha nao wakirudishia. Ninapoona tingatinga likikwangua udongo huo ili paletwe kifusi na kumwagwa jamvi la nyumba, naona jasho la mamia ya miaka likisukumwa mtaroni. Huwezi kulirudisha kwa mifuko ya mbolea.

Kamachumu ina kumbukumbu ya kuingiliwa migombani. Mwaka 1953 Ali Migeyo, kiongozi wa chama cha TAA, alihutubia hapa hapa mkutano wa watu waliochukizwa na amri za serikali ya mkoloni kuhusu fukusi wa migomba. Polisi waliuvunja mkutano ule, naye Migeyo akaishia gerezani. Fukusi walikuwepo kweli. Mpaka leo wapo na wanatula. Wakoloni walikosea kwa kuingia katika kibanja kana kwamba mwenyewe hajui lolote juu ya migomba yake. Mpimaji wa leo si mkoloni, ni mtoto wetu, na ukuaji wa mji anaouzungumzia ni wa kweli kama walivyokuwa kweli wale fukusi. Lakini akiingia kwa mlango ule ule atapata majibu yale yale.

Sasa hebu tuulize kama hiyo dawa imewahi kuponya popote. Sinza, Dar es Salaam, ilipimwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mitaa ilichorwa, maji na barabara vikawekwa, watu wakapewa viwanja vya kujenga nyumba za kuishi. Nenda leo Sinza usiku. Nyumba ya mwalimu mstaafu imekuwa gesti, ya jirani yake imekuwa baa, na spika zinatingisha vioo vya chumba anamolala mgonjwa. Mistari ya mchoro ipo mpaka leo, lakini utulivu haupo. Na Kariakoo je? Ni mtaa ulionyooka kama rula tangu enzi za Mjerumani, hakuna kiwanja kisicho na namba. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka pale mchana kweupe na kuua watu zaidi ya 20. Mstari ulionyooka haukagui nguzo. Kupima ni kujua mpaka uko wapi tu. Kulinda ni kuwa na mtu mwenye uwezo wa kusema hapana, na hapana yake ikaheshimiwa.

Wapo watakaonitajia nchi za mbali. Nami nazitaja. Marekani ndiyo iliyofanya kulinda mitaa ya makazi kuwa elimu kamili: New York ilipitisha kanuni zake za kugawa mji mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya kijiji cha Euclid, ikahalalisha mji kutenga eneo la nyumba za familia moja moja na kufukuza viwanda, maduka na hata majengo ya kupangisha. Matokeo yake yanajulikana. Ulinzi ule ulikuja kuwa ukuta wa kuwazuia maskini na weusi wasikae karibu na wenye nacho, na leo miji yao mingi inahangaika kuubomoa kwa sababu vijana hawapati pa kuishi. Hata kwetu mbegu ilikuwa hiyo hiyo. Dar es Salaam iligawanywa na wakoloni kwa ubora wa nyumba, maana yake kwa rangi za wenye nyumba, tukabaki na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwa hiyo mtu akisema "tuyalinde makazi", swali la kwanza ni: yalindwe dhidi ya nani? Mama mkubwa hana haja ya kulindwa dhidi ya mgomba wake.

Nije kwenye hoja yao nzito kuliko zote, nisije nikaonekana ninaikwepa. Watu wameongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Kagera na watu 2,458,023; ya 2022 ikaikuta na 2,989,299. Zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi, na uwanda wa Kamachumu tangu zamani ni wa kubanana. Vibanja vimegawanywa kwa urithi mpaka vingine havifiki nusu ekari. Mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera miaka ya 2000 ukatuangushia migomba tuliyodhani ni ya milele. Kijana aliyerithi vipande vya migomba iliyokauka, akiambiwa kuna mnunuzi wa kiwanja, mimi sina uso wa kumlaumu.

Lakini fanyeni hesabu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Ondoa barabara, unapata viwanja vitano vya mita 20 kwa 30. Watakaojenga hapo, kwa nilivyoona mimi, mara chache ni wajukuu wa kibanja. Ni wanunuzi wenye fedha za mjini, na nyumba nyingine hufunguliwa wiki mbili za Krismasi kisha zikafungwa tena. Wajukuu wenyewe wamepata pikipiki, pikipiki ikachakaa, na sasa wanapanga chumba nyuma ya soko na kununua mkungu ulioshuka kwenye lori. Yule aliyekuwa na nyumba, chakula, dawa ya mafua ya mtoto, kahawa ya ada ya shule na mahali pa kuzikwa amebaki na chumba. Hapo makazi yamepungua.

Na hao watu nusu milioni wakae wapi? Wakae rweya. Nashangaa jambo hili halisemwi. Tuna uwanda wa nyasi wenye udongo mwembamba juu ya mawe, ambao mgomba hauutaki ila kwa kubembelezwa miaka, na ambao sasa kila mwenye nguvu anaumega kimya kimya na kuupanda mikaratusi. Huko ndiko pa kunyoosha mitaa. Huko mpimaji hatakutana na kaburi kila hatua saba. Pale sokoni napo, tujenge kwenda juu: ghorofa mbili, tatu, za kupangisha walimu na wauguzi wa hospitali ya Ndolage, badala ya kutambaa kwenda pembeni na kula migomba. Nakubali rweya nayo ina haki zake, za mchungaji na za mkata nyasi. Basi ichorwe kwanza, kijiji kikae kikubaliane kipande kipi cha nyumba na kipi cha nyasi, kabla mikaratusi haijaamua kwa niaba yetu.

Wananiambia tena: hati. Bila kupima hakuna hati, bila hati benki haikopeshi. Si kweli kwamba lazima ukate ndipo upate karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hatimiliki ya kimila kwa kibanja kizima, pamoja na migomba na makaburi yake. Hata eneo likitangazwa kuwa la mji, sheria haikusema mji haulimi: kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi wa mji kulima hadi ekari tatu. Ekari tatu! Kibanja cha Kamachumu chenye ukubwa huo siku hizi ni cha kutafuta kwa tochi. Jirani zetu wa Kampala nao, katikati ya miaka ya 2000, walitunga sheria ndogo za kutambua kilimo ndani ya jiji. Kwa hiyo anayesema migomba na mji haviishi pamoja, hazungumzi sheria. Anazungumza aibu, ile aibu ya mtu aliyesoma akadhani kunukia moshi wa jiko ni kushindwa maisha.

Kuhusu barabara ninawapa haki yao yote. Mjamzito asibebwe kwenye machela hadi Ndolage kwa sababu mjomba fulani hataki kung'oa migomba minne. Njia zipanuliwe. Lakini njia ya wote ilikuwepo kabla ya mchoro. Mpimaji aifuate hiyo, aongeze upana, wenye vibanja vya pande zote mbili watoe sawa kwa sawa. Nimeona majirani wakitoa hivyo bila fidia ili gari la kahawa lifike, na hakuna aliyekwenda baraza la ardhi. Barabara inayoleta kesi ni ile iliyoshushwa kutoka kwenye kompyuta ikapita juu ya kaburi wakati njia ya zamani iko hatua ishirini pembeni.

Na mkiniletea hoja ya usalama, nitawakumbusha Septemba 10, 2016. Tetemeko lilipopiga Kagera, watu 17 walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Kuta zilianguka kwa sababu ya tofali bovu, udongo bila saruji, kukosa linta na nguzo. Upana wa mtaa haukuwa na uhusiano na jambo hilo. Usiku ule na nyingi zilizofuata watu walilala nje, na sisi tuliokuwa na uwanja uani, chini ya migomba, tulikuwa na nje ya kulala. Halmashauri ingetumia nusu ya nguvu za bikoni kumfundisha fundi wa kijijini kufunga linta, ingeokoa watu wengi zaidi.

Yote haya nimewaambia wapenda viwanja. Sasa nawageukia watu wa upande wangu, maana wapo wanaonipigia makofi kwa sababu mbaya. Hao husema: mipango miji ni ya mijini, kwangu ni kwangu, nitafanya nitakavyo. Ndio hao waliouza ukingo wa barabara ukageuka safu ya fremu. Ndio waliomkodisha mchomelea vyuma chumba kilichogusana na ukuta wa mjane, mashine inaunguruma hadi saa nne usiku. Ndio waliochimba choo juu ya chemchemi, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za kuheshimu chanzo cha maji. Nawaambia kwa uchungu: kwa Wahaya kibanja hakikuwahi kuwa "kwangu ni kwangu". Ukitaka kuuza, ukoo ulikuwa na haki ya kukuzuia au kukikomboa. Ukijenga, jirani alikuwa na la kusema.

Breki ile ya ukoo na jirani ilikuwa na dhuluma ndani yake, na sitaificha. Iliwabana wanawake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kesi iliyotoka huku huku kwetu wilayani Muleba, ya mwanamke aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake akazuiwa kwa kuwa ni mwanamke. Jaji akasema mila hiyo inavunja Katiba. Alifanya haki. Lakini tulichotakiwa kuondoa ni ubaguzi, tuibakize breki. Tumefanya kinyume: breki tumeing'oa kabisa, na mabinti bado wanapigania urithi.

Breki hiyo ndiyo ninayoitaka kwenye mchoro. Kibanja kisimegwe chini ya kiasi ambacho mkutano wa kijiji utakipanga, mpaka majirani wote wanaopakana nacho, wanaume kwa wanawake, wameitwa wakasikilizwa. Baa, gereji na uchomeleaji viwe na ukanda wao barabara ya soko, na anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa kitu kingine aombe kibali hadharani, kama Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inavyotaka, jina lake likisomwa mbele ya wale watakaokosa usingizi. Makaburi na chemchemi viingie kwenye ramani kabla ya barabara. Bikoni ya kwanza isimikwe rweya.

Mama mkubwa hakuing'oa ile bikoni. Anajua ni kosa. Alichofanya ni kukata kijiti cha mulamula na kukichomeka ubavuni mwake, upande wa kaburi. Nilipokwenda wiki iliyopita kilikuwa kimetoa majani matatu, na nyasi mbichi kutoka rweya zilikuwa zimetandazwa kukizunguka. Aliniambia vijana wakirudi niwepo, niwasomee majina ya waliolala pale, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na yeye anataka yaandikwe bila kukosewa.